Wingu Zito la Chini

Jumatatu, 9 Machi

Kamera ya mawingu imefika. Wameifunga juu ya paa la kituo chetu cha hali ya hewa, jicho limeikodolea mbingu nzima, halipepesi. Bi Mkuu amesema wiki hii mimi na kamera tutashindana. Kila saa tuigawe mbingu sehemu nane, kila mmoja aseme ngapi zimefunikwa, na kwa mawingu gani. Kamera ikishinda, mimi nahamia stoo kulinda vipimamvua vibovu.

Stoo! Miaka yote nimewaambia wakwe kwamba ndege haitui bila neno langu. Na Ijumaa ni siku ya wageni. Mama mkwe anakuja kujionea.

Fundi wa kamera, mtu wa majuzi tu hapa, aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Ninalo: ngazi za paa ni ndefu, dirisha langu linaonyesha mbingu ile ile, nijichoshe kwa lipi?

Jumanne, 10 Machi

Aibu. Asubuhi niliandika kwamba sehemu moja tu imefunikwa. Kamera ikasema saba. Nikaicheka. Bi Mkuu, kwa kuniamini mimi, akatoka bila mwavuli. Akarudi amelowa chapachapa. Akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko kofi, tangu lini mbingu ikawa na upande mmoja.

Dirisha langu linatazama mashariki. Mvua ilitoka magharibi. Ningejuaje?

Nikajitetea kwamba nina mafua. Fundi akataka kujua kama mafua siku hizi yanaingia machoni. Sasa ananiita Bwana Dirisha. Hata mfagizi naye ananiita hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimetumia akili. Kwenye kompyuta ya ofisi kuna picha za setilaiti. Nikanakili: mbingu yote imefunikwa, mawingu ya juu kabisa, membamba kama manyoya. Kazi imekwisha. Chai!

Kabla sijamaliza kikombe, Bi Mkuu akanishika mkono kama mtoto, mpaka uani. Juu yetu wingu la kijivu limetanda kote, limeshuka karibu ligonge mlingoti wa bendera. Haya mwenzetu, akasema, manyoya yako wapi? Akanikumbusha kwamba setilaiti hutazama kutoka juu, sisi tunalipwa kutazama kutoka chini, na watabiri huziweka habari hizo mbili pamoja. Kisha akaomba nimwonyeshe nilikopanda mpaka nikayaona mawingu yaliyo nyuma ya wingu.

Nikatazama viatu vyangu. Vinahitaji rangi.

Somo hilo nililisoma. Tena nilifaulu. Hapo ndipo panapouma.

Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu kauliza mbona sili. Nikasema kazi nyingi. Akaniomba nisimwangushe kesho mbele ya mama yake. Amenisifu mno, hata mwenyewe anaogopa. Nikamwapia. Halafu nikachukua kopo lake la mafuta ya kupaka.

Jicho la kamera likipakwa mafuta litaona ukungu mchana kutwa. Kamera hupiga picha, hupumzika, hupiga tena. Nitapanda ikiwa imepumzika. Wakati mwingine najishangaa nilivyo na kichwa!

Ijumaa, 13 Machi

Nimeumbuka.

Nilipanda ngazi zile zile nilizozikwepa wiki nzima. Mbingu safi, hata uzi wa wingu hakuna. Nikavua kofia, nikainama juu ya kamera, nikaanza kupaka polepole, ulimi nje. Nisilolijua: kwa ajili ya wageni, Fundi alikuwa ameiwasha ionyeshe bila kupumzika, kwenye skrini kubwa ukumbini.

Wote wakauona upara wangu ukitanda juu ya dunia. Mashine nayo ikaandika chini yake: sehemu nane kati ya nane, wingu zito la chini.

Ndipo mama mkwe, ambaye kunong'ona hakujui, akasema wingu hilo analifahamu sana, lilikula kwake Jumapili na likaomba kuongezwa. Vicheko nikavisikia huko huko juu. Nikashuka na kopo mkononi, nikapokewa kwa makofi.

Mke wangu hakucheka. Alinipokonya kopo, akalifunga kifuniko vizuri, akalitia mkobani. Afadhali angenitukana.

Bi Mkuu alisema mashine isiyojua kutofautisha kichwa na wingu haiwezi kuachwa peke yake. Lazima awepo mtu. Nikashusha pumzi. Akaongeza kwamba si lazima mtu huyo awe mimi. Nimepewa wiki moja ya mwisho: kila saa nipande paani, nitazame kwa macho yangu, niandike nilichokiona. Nikizembea, stoo.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemwomba mke wangu radhi. Amesema amesikia. Hakusema amesamehe. Nilikaa bafuni muda mrefu, nikaapa: hila basi. Jumatatu napanda ngazi kama mtu mzima.

Ila nimewaza jambo. Kama kamera inauona upara ikadhani wingu, basi kofia ya buluu itaiona ikadhani mbingu safi. Mwenye kofia ya buluu anaweza kuinama pale mchana kweupe, na mashine isione mtu wala wingu!

Nimezunguka maduka yote. Buluu zimekwisha. Nimechukua ya kijani. Muuzaji ameniapia kwamba ukiitazama kutoka chini, ni buluu ile ile.