Kifusi cha Shabli

"Wako!"

"Si wangu!"

"Wa nani basi, Mahfoudh? Wa marehemu mume wangu? Katoka kaburini Unguja kaja kukuchimbia shimo la tangi?"

"Shimo langu, Bi Nunu, hilo sikatai. Lakini udongo umelala wapi? Mlangoni mwa nani? Kitu kikilala mlangoni mwa mtu siku nne, chake."

"Loo! Basi na paka wako wangu, maana siku hizi halali kwengine."

Walikuwa wakigombana siku ya nne, Juni ya mwaka tisini na saba, na nusu ya mtaa wa Wadi Kabir, hapa Maskati, Omani, ilikuwa imeegemea kuta ikisikiliza. Kwenye magereji mafundi walizima mashine ili wasipitwe na neno. Kilichogombewa ni kifusi cheupe, kirefu kuliko mtu, ambacho dereva wa lori alikitoa shimoni kwa Mahfoudh akakibwaga mbele ya geti la Bi Nunu akaenda zake. Bi Nunu alikuwa na haki ya kupandisha sauti. Alhamisi ya wiki ya pili binti yake Rawya alikuwa anaolewa, na kwa lile geti lilivyozibwa, bibi harusi angetoka kwa kuparamia kifusi kama mbuzi. Mahfoudh naye, jirani yake, karani mstaafu wa wizara moja, alikuwa na sababu moja tu: lori la kuzoa lilitaka pesa, na ubahili wa Mahfoudh ulikuwa na cheo kikubwa kuliko alichowahi kupewa yeye wizarani.

Hapo ndipo Cornelius alipopita.

Cornelius alikuwa Mkenya wa Bungoma, mrefu, mwenye shati jeupe la kihoteli lililobaki mwilini mwake baada ya hoteli yenyewe kumtema. Miaka mitatu alihudumia meza za mvinyo chini ya mkuu wake Mfaransa, ambaye aliwakaririsha wahudumu mji mmoja wa mvinyo wa kwao, Shabli, kama mwalimu wa chuoni anavyokaririsha sura: zabibu gani, udongo gani, kilima gani. Cornelius mwenyewe, mtoto wa mzee wa kanisa, hakuwahi kumeza hata tone. Lakini akikusimulia ladha, hata mtawa angeomba glasi. Alifukuzwa siku alipomimina mvinyo wa daraja la chini kwa jina la daraja la juu. Meza nzima ilisifu, isipokuwa mzee mmoja kimya pale pembeni, ambaye kwa bahati mbaya alizaliwa Shabli.

Tangu siku hiyo alilala kwenye gereji ya rafiki yake Ian, kati ya injini iliyofunguliwa na betri zilizokufa, kwa joto la kuivisha mkate. Hakutaka utajiri, masikini. Alitaka chumba chenye kiyoyozi mpaka Septemba, basi. Na kila akiinua macho akilala pale sakafuni, alikiona chumba hicho: juu ya paa la Mahfoudh, kimefungwa kufuli, kiyoyozi kimening'inia nje, hakina mpangaji kwa sababu hakuna binadamu aliyeweza kodi yake.

Basi alipita, akakanyaga donge, likapasuka. Ndani yake mlikuwa na vikombe vidogovidogo vya baharini, magamba ya chaza, vimejikunja, vimegeuka jiwe. Cornelius akainama. Akaliokota donge. Akalilamba.

Ugomvi ulikatika wenyewe. Mtu akilamba kifusi mbele yako, lazima unyamaze.

"Mzee," Cornelius alisema kwa sauti ya msibani, "nani mwingine ameuona huu udongo?"

"Mtaa mzima umeuona. Kwani we nani?"

"Mimi ni mtu wa Shabli, mzee. Si kwa kuzaliwa, kwa kusomea. Mama, samahani, usiukanyage."

Bi Nunu akaondoa mguu, akashangaa kwa nini kauondoa.

"Ufaransa kuna vilima," Cornelius akaanza, na mafundi wakasogea. "Zamani za zamani vilikuwa chini ya bahari. Chaza wakafa humo, wakalaliana, wakawa udongo: chokaa, mfinyanzi, na hivi vikombe ndani. Juu yake wanapanda mzabibu wa aina moja tu, Shadone. Sasa Shadone ukiupanda kwingine unanenepa. Unakuwa mtamu, unalainika kama siagi. Lakini uuweke kwenye vikombe hivi, mzee, unakonda! Unatoa kitu cheupe chenye kijani kwa mbali, kikali kama wembe, kinanukia jiwe lililonyeshewa na mvua."

"Astaghfirullah!" Mahfoudh akaruka. "Unanihadithia mvinyo mtaani kwetu?"

"Mzee, nani amekuambia unywe? Wewe una udongo. Udongo haulevyi."

Mahfoudh akafikiri. Akili yake haikupata pa kupingia.

"Na wana madaraja," Cornelius akaendelea. "Juu kabisa ya kilima, chokaa ngumu, hakuna vikombe: hiyo ni Pti Shabli, ya watu wenye haraka. Mteremko wa kawaida, Shabli yenyewe. Mteremko mzuri, Premie Kru. Halafu kuna kilima kimoja, kimoja tu, kinaotea jua ng'ambo ya mto. Hicho ni Gran Kru. Huko baba hamwozeshi binti kwa mtu asiye na japo mistari miwili ya mizabibu." Akalilamba tena donge, akafumba macho. "Sasa hapa naogopa kusema. Lakini si chini ya Premie Kru."

"Nao wana udongo wao," Bi Nunu akasema. "Wetu wautakia nini?"

"Mama, umeuliza vizuri. Kule Aprili baridi inaunguza machipukizi. Wanawasha majiko shambani alfajiri kama wanapikia mizabibu uji! Mvua ikinyesha inaporomosha udongo mpaka bondeni, wanaubeba tena mgongoni kuurudisha juu. Wamechoka. Wanatafuta udongo wa vikombe mahali pasipo na baridi."

Watu wote, bila kupangana, wakaliangalia jua.

"Baridi hapa kweli hakuna," fundi mmoja akakiri.

Mahfoudh akakohoa. Akakisogelea kifusi, akakifuta vumbi kwa kiganja, kama mtu anavyomfuta mtoto pua kabla ya picha. "Udongo huu," akasema, "umetoka shimoni mwangu."

"Ehe!" Bi Nunu akashika kiuno. "Si ulikuwa wangu sasa hivi? Siku nne zimeshapita, wangu huu!"

"Bi Nunu, shimo nimechimba mie!"

"Na mlango umezibwa wangu!"

Hapa inafaa kusema jambo ambalo mtaa haukulijua. Bi Nunu alizaliwa Makunduchi, ambako huwezi kuchimba hata shimo la mhogo usikutane na vikombe vya baharini. Kama vikombe ndio utajiri, shangazi zake wote wangekuwa mamalkia. Yule kijana alimjua ni mwongo tangu ulimi ulipogusa donge. Lakini siku nne alikuwa amemwomba Mungu ili Mahfoudh akubali kuwa kifusi ni chake, na Mungu, ambaye ana njia zake, alimletea Mkristo wa Bungoma.

"Kama ni wako kweli," akasema, "kula yamini. Leo baada ya laasiri, watu wakitoka msikitini. Huapi, nachukua mie."

Na laasiri ile, mlangoni mwa msikiti, Mahfoudh akaapa kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza matairi: kifusi kile ni chake, chote, mpaka punje ya mwisho, hakuna mshirika. Bi Nunu akajifuta machozi kwa upindo wa buibui. Waliokuwa karibu walisema ni ya uchungu.

Jioni hiyohiyo Cornelius alihamia juu ya paa. Alimweleza Mahfoudh kwamba lazima barua iende Ufaransa, na jibu huchukua siku arobaini, na siku zote hizo udongo ulale ulivyolala, usisogezwe hata koleo moja, ukisogezwa unashuka daraja. Mtaalamu alitakiwa awe karibu nao. Kwa ajili hiyo ya kazi, na kwa ajili hiyo tu, akakubali kupokea funguo.

Ian alipanda kumwamkia, akakuta baridi ya ndani imemkausha mpaka midomo.

"We Corne, hii itakuletea shida."

"Shida gani? Nimemwibia nani? Udongo upo, vikombe vipo, Shabli ipo. Nimewajulisha tu. Funga mlango, baridi inatoka."

Siku sita Cornelius aliishi kama balozi. Asubuhi Mahfoudh alimletea mandazi, mchana wali wa samaki. Kila jioni alishuka na daftari, akakizunguka kifusi, akakigonga, akakisikiliza. Bi Nunu alimtazama kupitia dirishani na hakusema kitu, na mtu aliyemjua Bi Nunu angeogopa.

Siku ya saba ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ambayo Musallam, mkaguzi wa Baladiya, manispaa ya mji, hupita mitaa ya Wadi Kabir kukagua takataka. Safari hii hakuhitaji kupita. Bi Nunu alimpigia simu, akamkaribisha kahawa na halwa, kisha akamtoa nje na kumsimamisha mbele ya kifusi. Watu wakajaa.

"Cha nani hiki?" Musallam akauliza.

"Cha Mahfoudh!" wakaitika watu thelathini kwa mpigo. "Kala yamini!"

Mahfoudh akatoka kifua mbele. "Changu, naam. Lakini usikiguse, sheikh. Ni udongo wa Ufaransa. Angalia vikombe."

Musallam, mtu wa milimani aliyekulia na mbuzi, akaokota donge, akaliangalia kwa ukarimu. "Vikombe hivi? Mzee wangu, toka hapa mpaka Quriyat milima yote ni hivi. Mbuzi zetu huvilamba kwa chumvi. Vingekuwa na thamani, mbuzi zangu zingekuwa na gari." Akatoa kitabu cha faini. "Mpaka kesho magharibi kiwe kimeondoka. Nani mwenyewe, niandike?"

Rangi ilimtoka Mahfoudh. Akamwangalia Bi Nunu, akaona jinsi buibui linavyotikisika mabegani kwa kicheko, na yote yakamwingia kwa pamoja: kiapo, mandazi, kiyoyozi, siku arobaini. Hakupiga kelele. Miaka thelathini ya wizara ilikuwa imemfundisha jambo moja: karatasi mbaya huirudishi ilikotoka, unaisukuma kwa mwenzako.

Wakati huohuo mlango wa paa ukafunguka. Cornelius akashuka ngazi, kaoga, kanyoosha shati, akauona umati na bwana mwenye kitabu. Wanunuzi! Na mjanja akiona wanunuzi hajui kunyamaza.

"Ah, mabwana!" akaita toka ngazi ya tatu. "Mmekuja kuuona? Tazameni weupe wake! Huu sasa nasema bila woga: Gran Kru! Mzee Mahfoudh, Mungu amekupenda. Mimi udongo huu ungekuwa wangu, nisingetaka kitu kingine duniani."



"Wako," akasema Mahfoudh.

"Vipi, mzee?"

"Umekipenda kitu changu mbele za watu. Sie kwetu mgeni akisifu kitu cha mwenyeji wake, mwenyeji hana raha mpaka ampe. Chukua, mwanangu. Wako."

Cornelius hakuwa mgeni wa mila hizo. Alijua hukataliwa mara tatu kwa adabu na mambo yakaisha. "Hapana, mzee, siwezi."

"Chukua."

"Nashukuru sana, lakini—"

"Wallahi l-adhim," Mahfoudh akainua mkono, "haurudi kwangu! Nimeshaapa. Sasa ukikataa, unataka nifunge siku tatu za kafara ya kiapo kwa joto hili, mtu mzima na sukari yangu?"

Umati ukaguna kwa hofu ya Mungu. Ian akamnong'oneza Cornelius sikioni: "Ukimvunjia mzee kiapo mbele ya mtaa wote, hutapata kitanda toka hapa mpaka Salalah."

"Mabruk!" akapaza Bi Nunu, na mtaa mzima ukapokea: mabruk, mabruk! Fundi mmoja alimkumbatia. Musallam akalamba ncha ya kalamu.

"Cornelius. Jina la baba?"

Akataja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Maskati kuandikwa kuwa mwenye mali.

"Na chumba, mzee?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Chumba nilimpa mtaalamu alinde udongo wangu," Mahfoudh akasema kwa upole. "Mie sina udongo."

Ian alimwazima pikapu iliyokuwa ikisubiri breki, na koleo. Cornelius alianza alasiri ile, akaendelea Jumatano toka alfajiri. Mafundi walimpa maji na ushauri. Kila safari iliyokwenda jalalani, kuna aliyeuliza hiyo ni Pti au Premie, na mpaka adhuhuri Wadi Kabir nzima ilikuwa inajua madaraja ya Shabli kuliko wahudumu wengi wa hoteli. Mahfoudh alikaa kivulini na paka wake akihesabu koleo, na mara mojamoja akikumbusha, kwa wema, kwamba ukisogezwa unashuka daraja.

Jua lilipokaribia kuzama palibaki vumbi. Cornelius akalifagia nalo, kwa sababu alilelewa vizuri, akaketi ukingoni mwa njia akiwa mweupe toka nywele mpaka viatu. Hakuwa na chumba, hakuwa na kazi, na viganja vilikuwa vimetoka malengelenge.

Geti la Bi Nunu likafunguka, mara hii mpaka mwisho, mbawa zote mbili, bila kugonga kitu. Ndani mlinukia pilau. Wanawake walikuwa wakiimba wakimpaka Rawya hina. Bi Nunu akasimama hapo akimwangalia, na kicheko kilichokuwa usoni siku saba kikapungua, kikabaki kitu kingine.

"Kijana. Una mama?"

"Ninaye, mama. Bungoma."

"Anajua ulikolala?"

Cornelius akajikung'uta vumbi magotini.

"Kesho wageni mia mbili wanaingia hapa, na sina mtu wa kusimamia meza ajuaye kumsemesha mgeni mpaka maji ya bomba ayaone sharbati. Baada ya harusi, chumba cha uani kinabaki kitupu. Hakina kiyoyozi, kina feni. Tutazungumza." Akampa birika na sabuni. "Nawa hapo bombani, kichwa pia. Kisha ingia ule, baba. Lakini nakuomba, ukiwa humu ndani, usisifu kitu."