Mimi, Mshauri wa Safari ya Zama

Jumapili, 7 Desemba 2025

Leo njia imepatikana. Miezi minane nnamzungukia Rahila kwa heshima, kwa subira na kwa manukato ya maana, na miezi minane Rahila ana jibu moja tu: kamuulize mama. Mama mwenyewe ni Bi Sayyida, miaka themanini, fimbo mkononi, na ulimi usiopitwa na kitu. Akiridhia yeye, ami yangu anapeleka posa hata kesho. Asiporidhia, ntazeeka peke yangu hapa Hamriya, Maskati, juu ya duka la mabegi, nikila mkate wa jana.

Umri wangu khamsini na moja. Nywele zishaniaga. Nafasi nyengine hamna.

Nikaenda kwao Al Hail kumwamkia. Ala! Khattab keshafika! Binamu yangu huyo, mke alimfia miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo kazi yake kunywa kahawa na kutikisa kichwa. Kamletea Bi Sayyida dawa zake za presha. Dawa! Hiyo nayo mbinu?

Mazungumzo yakafika kwenye ile bustani mpya ya michezo, yenye filamu ya Safari ya Zama. Unakaa kitini, unafungwa mkanda, kiti kinakutikisa, upepo unakupuliza, unarudishwa nyuma mpaka zama za mijusi mikubwa, kisha unaletwa mbele, na mwisho unatembezwa Unguja ya mwaka hamsini na nane. Bi Sayyida akaweka kikombe chini. Akauliza kama mitaa inaonekana. Unguja kaondoka ana miaka kumi na minane. Mamaake akabaki, akafia kwenye nyumba yao ya Malindi, na yeye hakurudi tena. Akasema laiti angeuona ule mlango wa mama mara moja tu kabla hajafa.

Rahila kainamisha kichwa. Hapo ulimi wangu ukanitoka. Nikasema mlango umo! Wakaniuliza nimejuaje. Nikasema sitojuaje, na mshauri wa filamu ile ni mimi?

Sponji. Ukweli ni sponji. Kiwanda chetu cha Rusayl kiliwauzia sponji ya viti, na mimi karani wa ghala ndiye niliyezitoa. Lakini bila sponji hamna kiti, na bila kiti hamna safari. Ni ushauri wa aina yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimekwenda peke yangu kuikagua filamu yangu. Khasara tupu. Kiti kilipoanza kutikisika, kwenye ile mijusi mikubwa ya kale, nikafumba macho. Nilipoyafumbua tunafunguliwa mikanda. Nimesikia adhana. Nimesikia muuza kahawa akigonganisha vikombe. Nimenusa karafuu. Nimetapikia kofia, tena ile ya kushonwa kwa mkono.

Mlango umo au haumo? Sijui!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Pale pa kutokea pana daftari kubwa la maoni ya wageni. Nikalisoma lote. Mzee mmoja wa Ruwi kaandika kaiona nyumba yao ya Mkunazini. Bibi mmoja wa Seeb kaiona yao ya Vuga. Mwengine kamuona mpaka paka wao! Sasa kipande cha Unguja ni dakika sita. Dakika sita haziwezi kuingiza nyumba za watu wote wa Maskati. Maana yake nini? Maana yake kila mzee anaona anachotaka kukiona. Bi Sayyida naye ataona. Ghassan, wewe una akili, watu tu hawakujui.

Nikaongeza maoni matatu kwa majina matatu, yote yakimsifu mshauri. Ruba, bibiye anayesimamia pale mlangoni, akaniuliza kama natunga kitabu.

Alkhamisi, 11 Desemba

Yarabi, siku gani hii.

Tumekwenda baada ya alasiri, gari moja, Khattab kajibandika nyuma. Bi Sayyida kavaa nguo yake ya Idi. Rahila akanambia kwa sauti ndogo kuwa mama kaamka alfajiri kujifukiza udi. Nikamwambia hii filamu tu, hamna haja.

Mijusi ikaanza. Bi Sayyida akauliza kwa sauti kama na hawa niliwashauri mimi. Ukumbi mzima ukacheka. Mie nishafumba macho. Tukafika Unguja, na hapo akaanza kunihukumu mtu mmoja mmoja. Buibui lile limefungwa sivyo, nani kawafundisha? Yule muuza kahawa hapiti njia ile saa ile, nani kamtuma? Nikajibu kuwa niliwaambia, hawakusikia. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema njia hii ndiyo ya kwetu. Bado kona moja.

Nikafumbua jicho moja.

Na hapo likatokea jeneza! Kichochoroni, watu wamelibeba, wanaleta tahlili. Nani alitia jeneza kwenye filamu ya kustarehesha watoto? Na sisi tumelelewa vipi? Jeneza likipita, unainuka. Mwanamume anatia bega, hata maiti akiwa humjui. Bi Sayyida akafungua mkanda, akasimama. Wazee wa nyuma wakasimama. Khattab akasimama. Mzee mmoja akatoka kabisa kitini, akaenda mbele kutia bega kwenye ukuta wa picha. Sasa mashine ile ina usalama wake: mkanda ukifunguka, inazimika. Ikazimika. Taa zikawaka. Ukumbi mzima umesimama kwa adabu, mimi peke yangu nimekaa, jicho moja limefumbwa.

Ruba akaja mbio. Akasema filamu haiwezi kuendelea pale ilipokatikia, na hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya mwisho. Bi Sayyida akabaki kasimama, anautazama ukuta mweupe. Akasema ilibaki kona moja tu.

Rahila alilia garini, kajifunika mtandio. Na mie, Mungu anisamehe, moyoni nnashukuru. Sijaumbuka! Kisha tulipokuwa tunamshusha, Bi Sayyida akasema atarudi Jumamosi, inshallah.

Ijumaa, 12 Desemba

Baada ya sala nikaenda Al Hail na uso wa msiba. Nikawaambia mashine imeharibika, bustani wamenipigia wenyewe, matengenezo miezi mitatu. Nilieleza vizuri, hata nati nilizitaja. Khattab akameza kahawa yake, akasema kawapigia asubuhi na kesho wapo wazi toka saa nne. Huyu mtu hasemi wiki nzima, na siku akisema, anasema hilo!

Ukaja mkate wa kumimina. Yeye kipande cha katikati. Mie cha pembeni, kilichoungua.

Sikukata tamaa. Nikageukia dini. Nikawakumbusha kuwa jeneza ni jeneza, hata la picha, na mtu mwenye imani hakai. Bi Sayyida akaniambia kwani nani kasema atakaa? Atasimama kama alivyosimama jana. Nikashusha pumzi. Akisimama, mkanda unafunguka. Mkanda ukifunguka, mashine inazimika. Kona ile hawaifiki mpaka kiyama, na mlango wangu utabaki salama. Nimelala usingizi mtamu wa mchana.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwisha.

Nilisema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani. Saa tano nikashindwa kukaa. Nikaenda, nikajibanza pale pa kutokea. Ruba akanambia wenzangu wako ndani. Nikamuuliza kama filamu imezimika. Akasema la, kwa nini izimike? Yule bwana mpole aliuliza tu kama kuna mahala mzee anaweza kusimama, nao wanalo benchi la mbele, halitikisiki, halina mkanda, lipo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuliulizia.

Benchi! Mie nimetumia mashine, tumbo na dini. Yeye kauliza benchi.

Wakatoka. Bi Sayyida wa mwisho, kashika mkono wa Rahila. Uso wake sikuweza kuutazama. Ruba akamuomba maoni yake, kama wanavyoombwa wote. Rahila akashika kalamu, mama akamtajia maneno polepole: jeneza mmelipitisha kwa heshima, Mungu awalipe. Kwetu sikukuona. Kona ile mmeweka duka la vitambaa.

Rahila akaandika. Kisha jicho lake likapanda juu ya ukurasa, kwenye maoni yangu matatu. Rahila ni mwalimu. Kila wiki anasahihisha madaftari mia. Watu watatu, mkono mmoja! Akanitazama, akafunga daftari.

Nikaanza kusema mbio mbio. Kwamba mlango upo nyuma ya lile duka. Kwamba walikata kipande bila idhini yangu. Kwamba ntawaandikia barua. Bi Sayyida akainua mkono, nikanyamaza.

"Ghassan, mwanangu, ungesema hujui, ningekueleza," akasema. "Miaka sitini nnangoja mtu aniulize mlango wa mama ulikuwa vipi."

Mie nikaanza kupapasa mifuko, natafuta kalamu ya ile barua. Nikamsikia Khattab.

"Ulikuwa vipi, Bi Sayyida?"

Wakapanda gari yake. Nikawafuata na yangu nyuma. Kwenye taa nikaiona mikono ya Bi Sayyida kupitia kioo, inachora hewani: upana hivi, urefu hivi, kishikio hapa. Khattab anaendesha taratibu, watu wanampigia honi, hajali. Akafika nyumba yao ya Al Hail, akaipita. Akazunguka mtaa mzima, akarudi, akaipita tena, ili bibi amalize. Na mie nikazunguka nyuma yao mara mbili, sijui kwa nini.

Jumatatu, 15 Desemba

Posa ya Khattab ilipelekwa jana. Imekubaliwa. Na aliyeipeleka ni nani? Ami yangu mwenyewe! Kanipigia kunipa khabari kama ananipa hidaya. Anasema Bi Sayyida karidhia kahawa haijapoa, na Rahila alikuwa chumba cha pili akicheka. Miezi minane sikumsikia Rahila akicheka.

Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Nimekaa kitandani, duka la chini wanavuta mabegi yao, na nimelia mpaka kifua kikauma.

Baada ya adhuhuri simu ikalia. Bi Sayyida. Nikadhani ananipigia kunitukana. Wapi! Sauti laini kabisa. Akasema hakupenda tuachane vile siku ile, na moyoni hana kinyongo. Mimi bado mwanawe. Akasema njoo Ijumaa, kula kwetu, ukae karibu yangu, nikueleze na wewe ule mlango, kama nilivyomueleza mwenzio. Watu wanaotaka kuusikia ni wachache, akasema, na mie mzee sina siku nyingi.

Wallahi nilitaka kusema naam, mama, ntakuja. Neno lenyewe lilishafika mdomoni.

Nikamwambia asijichoshe. Nikamwambia mlango ule nnaujua vyema, nimeuchezea utotoni, nyumba ya babu yangu ilitazamana nao. Mie niliyezaliwa Matrah, na Unguja sijaikanyaga!

Kisha akaniuliza, kwa upole tu, ulikuwa rangi gani.

Nikasema kijani.

Simu ikakatika. Mtandao wa Hamriya mbovu kweli siku hizi. Kesho ntampigia nimwambie ulikuwa buluu.