Kisanduku Kisibaki Kitupu

Nachukua fursa hii adhimu kuutangazia umma kwamba Idara ya Upangaji Walimu imelimaliza kabisa tatizo la jedwali letu la kwenye kompyuta. Jedwali sasa linasomeka. Mimi, Naibu Mkurugenzi na mwenyekiti wa Kamati ya Mwonekano wa Majedwali, nimelisoma mwenyewe, na yaliyonipata baada ya kulisoma ndiyo mada ya taarifa hii.

Zamani jedwali hilo lilikuwa na walimu wote na sisi wakubwa wao, kila mmoja na mstari wake, na mistari imebanana hata jicho halipati pa kukanyaga. Karani akianza na jina huku kushoto, akifika kulia kwenye kituo cha kazi ameshateleza mstari mmoja. Watu wenye maneno mengi waliita hilo kosa. Sisi tuliita uhamisho.

Mmoja wa waliohamishwa kwa utaratibu huo, mwalimu wa kike, aliingia ofisini kwangu bila miadi, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Shikamoo mzee. Mimi sikuomba kwenda shule ya mlimani. Aliyeomba ni mwenzangu wa mstari wa juu yangu. Mama yangu amepooza, nimemwachia jirani, na jirani naye kachoka. Nani atamgeuza kitandani?"

"Pole sana mwanangu," nikamwambia, maana uongozi ni utu. "Lakini jedwali halikosei. Likishasema, limesema."

"Si mfute tu, muandike tena?"

"Tutaunda kamati."

Akacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Kamati itamgeuza mama?"

Swali hilo nililiingiza kwenye ajenda, chini ya Mengineyo.

Kamati ikakaa. Tulimwalika fundi wa programu, mama mmoja mwenye haraka zisizo na adabu. Hata chai haijamiminwa, akaanza.

"Hii kazi ndogo, wazee. Tuache nafasi kati ya mistari. Mstari mmoja mweupe, unaofuata wa kijivu, jicho lisipotee. Vichwa vya safu vibaki juu hata mtu akishuka mpaka chini. Basi."

Basi! Eti basi! Kamati iliyokwisha kuagiza chai haivunjwi kwa neno "basi." Mkuu wa Utumishi akataka kujua hao wa kijivu watakuwa akina nani. Mhasibu Mkuu akasema yeye kijivu hapana, ana familia. Baada ya mjadala mzito tukaazimia wote wawe weupe. Nafasi kati ya mistari tuliikataa, kwa kuwa raia akiona nafasi huanza kuomba kazi. Vichwa vya safu tulikubali vibaki juu, pamoja na picha ya Mkurugenzi, ambayo baada ya marekebisho ya ukubwa iliacha mistari michache ikichungulia chini ya tai yake.

Ndipo mimi nikagundua tatizo lenyewe. Kwenye safu ya kituo cha kazi, visanduku vya wakubwa vilikuwa vitupu, maana mkubwa hapangiwi kituo. Mkubwa kuonekana mtupu mbele ya karani ni fedheha.

"Kisanduku kisibaki kitupu," nikaagiza.

"Tukijaze nini?" akauliza fundi.

"Kompyuta itajua."

"Kompyuta itanakili kilicho juu yake, mzee. Halafu nafasi ya mtu mmoja watagombea wawili."

"Cha juu kushuka chini ndiyo utawala bora. Na wawili wakigombea, mkubwa apewe."

Fundi akanitazama, akatazama jedwali, akanitazama tena. "Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, uniletee nitie sahihi."

Sijawahi kuona fundi akileta kitu upesi namna ile.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alikata utepe, akabonyeza kitufe, tukapiga makofi. Yeye, kwa heshima yake, tulikuwa tumemweka mstari wa kwanza kabisa, kwa hiyo juu yake palikuwa na kichwa cha safu. Akapangiwa mahali panapoitwa Kituo cha Kazi. Dereva wake bado anauliza njia, maana ni mahali ambapo bosi hajawahi kufika. Mimi, ili kuonyesha unyenyekevu, nilikuwa nimejipanga kwa alfabeti pamoja na walimu. Jina la juu yangu lilikuwa la yule mwalimu wa viatu vya vumbi.

Nikapanga foleni masjala, na hapo ndipo nilipojua kwamba benchi la wageni lina mguu mbovu.

"Kuna kasoro ndogo," nikamwambia karani. "Mimi ni Naibu Mkurugenzi."

Akasogeza jedwali, akachungulia chini ya tai. "Hapa unasomeka shule ya mlimani, mzee. Aliyekuwa huko amerudishwa kwao, maana wewe ndiye mkubwa."

"Sasa si ufute!"

"Pole baba," akasema, akanionyesha bango nililoagiza mwenyewe libandikwe ukutani. "Jedwali halikosei."

Nasikia yule mwalimu sasa analala kwao, na mama yake anageuzwa kila inapobidi. Hayo ni mafanikio ya kamati na naomba yaingie kwenye kumbukumbu.

Mimi nafundisha darasa la kwanza. Siku niliyoripoti nilichora ubaoni jedwali la kujumlisha, safu zote, mistari yote, limebanana kiofisi. Darasa zima likapiga kelele, "Mwalimu, hatuoni!"

Nikawaarifu kwamba malalamiko yamepokelewa na kamati itaundwa.

Wakatazamana. Kisha binti wa dawati la mbele akainuka, akachukua dasta, akafuta ubao wote, akanirudishia chaki.

"Andika tena," akasema, "uache nafasi."

Nikaandika. Haikuchukua hata muda wa kuagiza chai.