Tungule Wangu Hakuposwa

Gwata, Wilaya ya Kisarawe,
mvua za masika zikikaribia

Kwa Bwana Hemedi, Msaidizi wa Bwana Shamba,
Shamba la Majaribio, Kisarawe

Mume wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, ukifika. Kwanza nijibu: huko Kisarawe umeota mizizi? Toka uje masika ya mwaka juzi, ukakalia tako moja kibarazani pangu huku ukitazama saa, sijakuona tena hata kivuli. Gari moshi linapita, linateremsha watu, linateremsha mbuzi, linateremsha hata wagonjwa. Mjukuu wangu halimteremshi. Shikamoo zako nimezikosa mpaka nimeanza kuitikia mwenyewe marahaba asubuhi nikifungua mlango. Majirani wanadhani nimepandwa na shetani.

Anayeandika barua hii ni Mwalimu Hilario wa katekesi, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona sikioni mwa makarani. Maneno ni yangu yote. Penye doa la wino ujue hapo mwalimu alishtuka.

Sasa shauri lenyewe. Unajua kwamba ugonjwa wa mnyauko umemaliza nyanya za Gwata nzima. Mche unaamka asubuhi umesimama, adhuhuri umeinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa, jioni ni kuni. Aliyebaki ni tungule wangu, vile vinyanya vidogo kama gololi vinavyojiotea jalalani nyuma ya jiko. Hakuna anayevimwagilia. Mbuzi anavilalia, kuku anavidonoa, jua linavichoma, na bado vinazaa kwa jeuri. Siku ile ya saa yako uliniomba ung'oe miche michache, ukaitia kikapuni. Nikadhani unataka cha kuungia mchuzi. Nikakuongezea na pilipili juu.

Vuli ikaja barua yako, na pakiti ya mbegu ndani. Mwalimu Hilario akaisoma kibarazani mbele ya watu, nami nimejitanda kanga mpya kwa fahari. Fahari ikaishia ukurasa wa kwanza. Nikaiacha hasira ipoe; haikupoa. Na juzi ikabandikwa ilani kwa jumbe: kabla ya masika nyanya zote kuukuu za kijiji zing'olewe na kuchomwa moto, na zile za jalalani zisisahauliwe, ili mbegu mpya ipate ardhi safi. Vibarua wa shamba lenu ndio watakaoifanya kazi hiyo. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa adabu zote, na naomba Bwana Shamba wenu asomewe bila kurukwa neno.

1. Tungule ni binti wa nyumba hii na hakuposwa. Hakuja mshenga. Hakuna aliyekalia mkeka wangu. Mkaja wa mama sikuuona, na kilemba cha mjomba hakijulikani kimefungwa kichwa gani. Mmembeba kwenye kikapu cha samaki kama mtu wa kuibwa. Hata kwa kina Mwalimu Hilario ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, mwenye kinyongo aseme. Ningesema.

2. Huyo bwana harusi nimemuulizia. Ni nyanya ya Ulaya, mkubwa kama ngumi, mashavu mekundu, ngozi laini. Jua likimpiga anapasuka. Mvua ikizidi anaoza makalio. Mnyauko ukisikika kijiji cha pili, yeye kishalala. Na hasimami, Hemedi. Umeandika mwenyewe kwamba ni lazima afungwe kamba kwenye kijiti ndipo asimame. Mwanamume wa namna hiyo ndiye uliyemtafutia binti yangu? Mimi nimeolewa mara tatu, na katika wote hao hakuna niliyemfunga kijiti. (Hapa mwalimu amekwenda kunywa maji.)

3. Harusi yenyewe. Umeandika kwamba ua la tungule mlilifumbua kabla halijafumbuka lenyewe, mkalinyofoa viungo vyake vyote vya kiume kwa kikoleo chembamba kama cha kutolea miba, lisije likajipa mimba. Kisha mkalipaka unga wa ua la bwana yule, mkalifunika kwa mfuko wa karatasi. Na ukaandika kwa wino mzito kwamba mmea wenye mfuko hauguswi na kibarua yeyote, hata mwenye kumwagilia maji. Mimi ni kungwi, Hemedi. Wanawali niliowafunda Gwata hii ni wengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Mwali hufunikwa na mwanamke aliyefundwa, kwa ngoma na kwa siri. Hafunikwi na wanaume watatu wenye kaptura, mmoja anabana, mmoja anachungulia kwa kioo, wa tatu anaandika.

4. Hapa ndipo nilipoomba barua isomwe tena, nikidhani mwalimu ameruka mstari. Hakuruka. Mtoto alipozaliwa mkamwoza baba yake. Akazaa mjukuu, mjukuu mkamwoza bwana yuleyule, ambaye ni babu yake. Kitukuu kadhalika. Kilembwe kadhalika. Kining'ina kadhalika. Wote mume mmoja, na mume mwenyewe ni yule wa kijiti! Nimejaribu kuupanga ukoo huo kwa punje za mahindi juu ya ungo: kining'ina ni mke mwenza wa mama yake, na wa bibi yake, na wa mama wa bibi yake. Wakigombana jikoni, nani amwamkie nani? Nikaenda kwa Shehe Mwinyijuma. Akavuta tasbihi yake, akaniuliza kama hizo nyanya ni za Kiislamu. Mwalimu Hilario akasema hata kwao haifai. Basi shehe na mwalimu wakapeana mikono uani kwangu, jambo ambalo sijaliona tangu wagombane kwa ajili ya kengele. Hilo umelifanya wewe, na ndilo jema pekee nililoliona katika kazi yako.

5. Umeandika kwa furaha kwamba kila uzazi mlichagua watoto waliomfanana baba, na kwa mama mkachukua jambo moja tu, kutokufa. Mengine mkayaondoa, na hapa nayarudisha maneno yako kama yalivyosomwa, "tabia mbaya za mama, yaani udogo, ukali na wingi wa mbegu." Hemedi. Mimi ni mfupi. Mimi ni mkali. Mimi nimezaa tisa. Barua ilisomwa mbele ya watu, na Mwanne shangazi yako alicheka mpaka akashika nguzo.

6. Na baada ya yote hayo, mama mtu ang'olewe, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Ilani inasema "nyanya kuukuu." Huko alikosomea Mwalimu Hilario bibi huitwa nyanya, na kila mtu hapa analijua hilo, basi alipoisoma kwa sauti kijiji kizima kiligeuka kunitazama mimi. Wakacheka. Mimi sikucheka, maana niliona wameelewa sawasawa. Mtoto kishachukuliwa, sura yake imeshafanana na ya wengine, mkononi ana saa. Mama wa jalalani wa nini tena? Basi vibarua wakimaliza nyuma ya jiko wapitie na kibarazani. Watanikuta nimekaa. Waje na jembe lililonolewa, mizizi yangu imekwenda chini sana.

Ninachoomba ni hiki. Tungule wangu aachwe jalalani kwake. Bwana harusi aletwe barazani Kisarawe, na kijiti chake, ajibu. Na kama mtashikilia kwamba ni lazima ang'olewe, basi mng'oaji awe wewe, kwa mkono huohuo uliokuwa ukiniibia tungule kabla hujajua kutembea sawasawa, mbele yangu, unanitazama usoni. Kibarua sitaki.

Wasalimie wote hapo. Msalimie Bwana Shamba, mwambie sina ugomvi naye, yeye ni mgeni, hakufundwa. Msalimie mpishi wenu. Mkwe pia msalimie, mwambie ajikaze asimame. Huku Mwanne anakusalimu bado anacheka. Shehe anakusalimu. Mwalimu Hilario anakusalimu, mkono umemchoka.

Mimi bibi yako na mke wako wa kwanza, mwenye hasira na heshima zote mbili,

Sikuzani binti Kibwana
(dole gumba langu hili hapa, nimelikandamiza vizuri)

Baada ya dole: Barua hii ilikaa ikingoja mtu wa kwenda steshini, na vibarua wako wameshafika. Usiwagombeze. Walipokwenda nyuma ya jiko walimkuta tungule wangu, kila mche, amevaa mfuko wa karatasi, ule wa sukari ya dukani. Wakasema hii ni kazi ya Bwana Hemedi, haiguswi. Wakanywa uji, wakaenda zao.

Wala sikuwadanganya moja kwa moja. Zile mbegu zako niliamuru zitupwe jalalani, zikaota hapohapo, zikazaa. Mnyauko ukapita, ukazikuta zimesimama, ukaenda zake. Nimezila kwa chumvi, nimezila na kambale, na Shehe Mwinyijuma siku hizi hakosi kupita saa ya chakula. Ila zimepoa mno, hazina ukali wa kwetu. Basi nikashika ua la tungule, nikalinyofoa kwa kucha, nikalipaka unga wa huyo kining'ina wake, nikalifunika. Mimi nilibana, Mwanne alichungulia, na wa kuandika alikuwa Mwalimu Hilario, amefumba macho. Kuposa hatukuposa, ua lilikuwa linakaribia kufumbuka.

Mwalimu ananiuliza sasa hivi: mtu anayemwita mjukuu wake "mume wangu" tangu alipotoka tumboni, pale namba nne alikuwa analalamikia nini hasa? Nimemwambia afunge barua.

Ukija, njoo na kile kikoleo, vidole vyangu vinatetemeka. Saa yako iache Kisarawe. Na ubishe hodi mlango wa mbele. Nyuma ya jiko usipite, kuna mwali ndani.