Kuku wa Kapteni Wabuge

Jumatatu, 12 Mei
Nafasi imetangazwa! Mkuu wa wahudumu wa ndege. Kapteni Wabuge ndiye atapendekeza jina. Tuko wawili tu tunaofaa: mimi, Gikonyo, na Christabel. Maskini Christabel. Akiongea na rubani anatoa maneno manne, ananyamaza. Mimi nilizaliwa na ufasaha.

Jumanne, 13 Mei
Mafunzo ya dharura. Mwalimu, Mama Kabura, alisema ukiona hatari hewani mwambie rubani mara moja: ni nini, iko wapi, inaendeleaje. Usizunguke. Rubani haoni huko nyuma. Ataamua kwa maneno yako. Christabel aliandika yote. Mimi niliandika hotuba ya kupokea cheo.
Pia nimesikia Kapteni anapenda kuku wa kuchoma kupita kiasi. Aha!

Alhamisi, 15 Mei, asubuhi
Kuku nimemtoa Kapsoya, hapa Eldoret, amefungwa gazeti mara tatu. Nimemficha kwenye oveni ya nyuma ya ndege, moto wa juu. Tukitua Nairobi Kapteni atampata akitoa mvuke. Cheo changu!

Mchana
Dakika kumi baada ya kuruka, moshi! Christabel akashika kizimamoto, akaniambia nimpigie Kapteni. Nafasi yangu hiyo. Nikachukua simu ya ndani, nikasafisha koo.
"Kapteni, habari ya asubuhi. Pole na kazi. Ni Gikonyo hapa nyuma. Kwanza nashukuru kwa fursa hii..."
"Gikonyo, kuna nini?"
"Kuna hali, Kapteni. Si nzuri, lakini ukiiangalia kwa mapana..."
Christabel akaninyang'anya simu. "Moshi, oveni ya nyuma. Nimezima umeme wake. Moshi unazidi."
Kapteni akasema tunarudi Eldoret. Akauliza ndani ya oveni kuna nini. Christabel akanitazama. Nikitaja kuku, zawadi imeharibika! Nikasema sijui.
Basi Kapteni akaamua ni nyaya za ndege zinaungua. Tulishuka kwa kasi ya kutisha. Mama mmoja alinishika mkono, akauliza kama tunakufa. Nilikuwa na maneno matatu mdomoni: ni kuku tu. Nikayameza. Akaanza kuaga watoto wake kwa majina. Wako saba.
Tulitua salama. Abiria arobaini waliteleza chini kwa slaidi ya dharura. Mimi nilifika na kiatu kimoja.

Ijumaa, 16 Mei
Zimamoto walimtoa kuku jana mbele ya watu wote. Mweusi ti! Kapteni alisema angeambiwa "kuku", asingemrusha mtu yeyote kwa slaidi. Nikamweleza kuku alikuwa wake. Hakufurahi.
Christabel amepewa cheo. Upendeleo mtupu.

Jumanne, 20 Mei
Nimerudishwa mafunzoni, peke yangu. Mama Kabura alinipa jaribio: injini ya kulia inawaka moto, mwambie rubani. Nilimaliza baada ya dakika nne. Akasema abiria wote wameshakufa. Nikamuuliza kama angalau hotuba iliwafariji.
Lakini nimetafakari, na kosa nimelipata. Sauti yangu ni nyembamba! Mambo ya hewani yanataka besi. Jioni nimeenda kujiunga na kwaya ya kanisa huko Yamumbi. Mzee Eliakim, mwalimu wa kwaya, aliuliza nimekuja kwa nini. Nikaanza kumweleza tangu utotoni. Ametoka nje, anadai kuna simu anapokea.
Namsubiri. Nimefika darasa la tatu tu.