Bangili ya Kuita Nukta

Royce Tackett hakuingia kwenye maonyesho ya bunduki ya Abilene ili auze kitu. Aliingia kwa sababu nje jua la Texas lilikuwa likichoma bila haya, na ndani kulikuwa na kiyoyozi. Lakini mjanja ni kama paka: hata akienda mahali kulala, pua yake hailali.

Jambo la kwanza aliloliona lilimfanya asahau joto. Nusu ya wanaume ukumbini walikuwa wamenyoosha bastola mbele ya nyuso zao wakizitikisatikisa, juu, chini, kushoto, kulia, kama watu waliopanda kichuguu kutafuta mtandao wa simu.

"Iko wapi?"

"Nimeiona! Aah, imeondoka."

"Betri hiyo. Lazima itakuwa betri."

Walichokuwa wakikitafuta ni nukta. Siku hizo kila mtu alitaka bastola yake ya kila siku, ile fupi ya kuficha kiunoni chini ya shati, iwe na kioo kidogo mgongoni, na ndani ya kioo nukta nyekundu inayowaka kama kaa la sigara. Nukta ikikaa juu ya kitu, risasi nayo huenda pale pale. Hakuna tena kufumba jicho moja na kupanga chuma cha mbele na chuma cha nyuma kama walivyofanya babu zao. Tatizo ni kwamba nukta ina maringo. Bastola ikipinda kidogo tu mkononi, kioo ni kitupu, na mwenye bastola anabaki kuutazama ukuta wa mbali kwa huzuni.

Kwenye meza ya pembeni polisi mmoja kijana, aliyekuwa likizo, alikuwa akieleza dawa yake bure. Mbele yake alisimama Boone Wampler, dereva wa malori ya ng'ombe, mwenye ndevu za kuweza kufichia kuku.

"Usiitafute nukta, mzee," alisema yule kijana. "Tazama unachotaka kukipiga, halafu yaletee macho yako bastola. Sukuma mikono moja kwa moja mbele. Fanya hivyo kila siku nyumbani, bastola ikiwa tupu. Baada ya wiki mbili itakuja yenyewe."

"Wiki mbili!" alisema Boone, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu ya miaka kumi. Akaondoka.

Royce alimsindikiza kwa macho, na moyo wake ukajaa ile huruma ambayo mwindaji humwonea swala mnene. Watu hawa hawakutaka kujifunza. Walitaka kununua.

Karibu na choo kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza bangili za shaba za wagonjwa wa baridi yabisi, na tangu asubuhi hakuna aliyesimama pale isipokuwa wale waliokuwa wakisubiri choo. Royce alinunua sanduku zima. Kufikia wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameshapata meza, kitambaa chekundu cha kuifunika, na kibao alichoandika kwa mkono wake: BANGILI YA KUITA NUKTA. Chini yake, kwa herufi ndogo zenye adabu: Shaba ya Sumaku.

"Shaba haishiki sumaku," alisema Boone Wampler, ambaye alikuwa wa kwanza kunasa.

"Umeona?" Royce alimwinamia, akashusha sauti. "Kila mtu anajua hivyo. Ndiyo maana siri hii imekaa miaka yote bila kugunduliwa. Lete mkono, ndugu yangu."

Boone akaleta mkono. Bastola yake ilikuwa tupu, kama zote mle ndani, zilikaguliwa mlangoni. Royce alimvisha bangili taratibu, kama askofu anayemvisha mfalme taji.

"Sasa sikiliza. Bangili hii haipendi haraka, na haipendi kutafutwatafutwa. Itazame sahani ile ukutani. Kioo achana nacho. Haya, sukuma mikono moja kwa moja mbele. Polepole. Rudisha. Tena. Tena, bangili bado inakuzoea. Tena."

Boone alirudia mpaka jasho likamtoka masikioni. Kisha akaganda.

"Iko," alinong'ona. Akarudisha mikono, akasukuma. "Iko tena! Jamani, inanijia yenyewe!"

Msomaji mwenye sikio atakuwa ameyatambua maneno yale. Yalikuwa ya polisi kijana, karibu yote. Royce aliongeza shaba tu. Lakini ushauri wa bure huingia sikio hili ukatokea la pili, na ule uliolipiwa hukaa ukapanga chumba. Boone alitoa pochi huku akisema kwamba nduguye naye ataitaka, na foleni ikaanza.

Jioni ikikaribia akaja bibi mmoja mwembamba, nywele nyeupe kama pamba ya mashamba ya kwao, mkoba mkubwa begani. Alijitambulisha kuwa Opal Brandvold, mjane. Bastola aliishika kama mtu anayeshika samaki aliye hai.

"Mwanangu, mimi nukta yangu si nukta," alilalamika. "Ni kama mbegu ya nyanya iliyokanyagwa. Ina mkia!"

Royce hakuwa na habari kwamba kuna macho yaliyopinda kidogo yanayoona hivyo, na kwamba dawa yake ni miwani. Lakini hakuwahi kukosa jibu kwa sababu ndogo kama kutojua.

"Ni damu, mama. Damu yako ina chuma kingi, inaivuta nukta. Watu wa damu kama yako huvaa mbili."

"Mbili!" alisema bibi kwa mshangao mkubwa. "Mungu akubariki. Na mimi nilidhani ni uzee."

Akanunua mbili, akaondoka akizitazama mikononi mwake kama msichana aliyechumbiwa.

Kesho yake, Jumapili, Royce alifika akiwa tayari kukimbia. Siku ya pili ndiyo siku ya wateja kurudi, na uzoefu wake wa kurudiwa na wateja haukuwa mzuri. Kweli walirudi. Ila walirudi wakicheka.

"Usiku kucha nimesimama mbele ya kioo cha kabati," alisema Boone Wampler. "Mke wangu kahamia kwa mamake. Lakini nukta? Naita inakuja, kama mbwa!" Akataka nyingine kwa ajili ya shemeji yake.

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tano alimkumbatia. Hapo Royce alipatwa na maradhi ambayo hayajawahi kumwacha salama mtu wa kazi yake: alianza kujiuliza. Je, kama kweli kuna kitu ndani ya shaba? Watu wote hawa ni waongo? Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajivisha moja mkononi, akajiambia ni kwa ajili ya kupima saizi tu. Hakuivua. Wenzake walivaa wakafanya mazoezi. Yeye alivaa akaridhika.

Mchana Opal akarudi, machozi ya furaha yakimlengalenga. Nyuma yake alikuja mwanaume mfupi mwenye tumbo na kofia pana, Wendell Krebs, mwenye ukumbi wa kupigia shabaha ulio ng'ambo ya barabara.

"Mwambie, mwanangu!" alisema Opal. "Mwambie huyu mbishi! Jana bila bangili nilikuwa kama kipofu. Leo naiona nukta. Bila hizi mimi si kitu."

"Takataka," alisema Wendell. "Bangili ya baridi yabisi. Mamangu alizikwa nayo."

Foleni ilinung'unika. Boone Wampler alipiga hatua mbele akitaka kuitetea imani yake.

"Mzee, matokeo yanaonekana," alisema Royce kwa upole wa mtume anayepigwa mawe.

"Basi tujaribu," alisema Wendell. "Wewe na bangili yako, huyu bibi bila bangili. Kwenye ukumbi wangu, risasi za kweli. Anayetangulia kuitoboa sahani ndiye mshindi, raundi tatu. Bibi akishindwa, unaiona ile nyumba ya magurudumu pale nje, inayong'aa? Ni yako. Ukishindwa wewe, naichukua ile pikapu uliyokuja nayo."

Royce alitazama nje mlangoni. Nyumba ya magurudumu iling'aa kama kijiko cha harusi. Ilikuwa na mapazia. Yeye kwa miezi mingi alikuwa akilala kwenye pikapu, magoti kidevuni, usukani ubavuni, na pikapu ile ndiyo mali pekee duniani ambayo karatasi zake zilikuwa na jina lake halisi.

"Wendell, usinifanyie hivyo!" Opal alilia. "Bila bangili nitaaibika mbele za watu!"

Na kilio hicho ndicho kilichommaliza Royce. Bibi mwenyewe anakiri si kitu! Alimhurumia kwa muda wa kutosha kumeza mate, kisha akanyoosha mkono. "Tumekubaliana, mzee."

Foleni nzima ilivuka barabara. Ndani ya ukumbi Boone alimwazima Royce bastola yake na ala yake, Wendell akazitia risasi bastola zote mbili, wakavaa vikinga masikio, na sahani mbili za karatasi zikatundikwa mbali kidogo, umbali wa kutoka mlango wa mbele hadi meza ya jikoni. Opal alivua bangili zake moja moja, akampa Boone amshikie. Kisha akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa.

Royce aliikodolea macho ile miwani. "Mama, mbona jana hukuwa na miwani?"

"Jana sikutaka kuona, mwanangu."

Wendell akapuliza filimbi.

Royce alifunua shati, akachomoa bastola, akainyoosha. Kioo kilikuwa kitupu. Akaipandisha. Kitupu. Akaishusha, akaipinda kushoto, akaitikisa, na mle ndani ya kioo aliona taa ya dari, aliona kofia ya Wendell, aliona kila kitu alichoumba Mungu isipokuwa nukta. Pembeni yake ilisikika *pa!* moja, kavu, isiyo na wasiwasi. Sahani ya Opal ilikuwa na tundu katikati.

"Labda bangili imelegea," alisema Boone kwa huruma. "Isogeze juu kidogo mkononi."

Royce akaisogeza. Akairudisha bastola kiunoni. Filimbi ikalia mara ya pili. Akachomoa, akasukuma, na safari hii, katikati ya kioo, hiyo hapo! Nyekundu, nzuri, imetulia juu ya sahani kama mbegu ya komamanga.

"Iko!" alipiga kelele. "Naiona! Jamani, iko kweli!"

*Pa!* alijibu Opal.

Furaha ilimfanya Royce asahau kufyatua. Raundi ya tatu haikuhitajika. Alisimama akiitazama bangili mkononi mwake, naye alikuwa na sura ya mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Nyuma yake wateja walicheka mpaka Boone Wampler akalazimika kuketi chini.

"Tangu lini unapiga hivyo, mama?" aliuliza Royce.

"Tangu marehemu mume wangu na mdogo wangu Wendell wafungue ukumbi huu. Mimi ndiye ninayefundisha hapa." Opal aliweka bastola kwenye ala yake kiunoni, akalaza shati juu yake, na mara akawa tena bibi mwembamba wa kawaida. "Mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani. Lakini wewe, mwanangu, umenijia ukiwa mwerevu, ukajifanya mjinga mwenyewe. Sikulazimika kufanya kazi kubwa."

Wendell alinyoosha mkono akitaka funguo. Royce alizitoa. Hakulia, ila alizishika kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuziachia, na hilo Opal aliliona. Wateja walirudi zao kwenye maonyesho. Hakuna aliyedai arudishiwe chochote. Boone alisema hata kama ni ya baridi yabisi, kwake inaita, na asiyependa akanywe maji.

Royce aliketi kwenye ngazi za ukumbi, miguu juani, akifikiria ni upande gani wa barabara unafaa kuombea lifti. Opal akatoka na bilauri mbili za chai ya baridi yenye sukari nyingi, akampa moja, akaketi.

"Unajua miaka mingapi nimewaambia watu wa mji huu wafanye mazoezi?" alisema. "Wanatia nukta juu ya bastola, wanaifunga kiunoni, wanatembea nayo dukani na kanisani, na siku ya shida hawataiona. Nawaambia njooni mjifunze. Hawaji. Darasa langu lina watu watatu, na mmoja ni Wendell. Wewe umekuja na shaba ya wazee, kwa siku moja umewasimamisha wanaume wa Abilene mbele ya vioo vya makabati mpaka wake zao wamehama."

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Nataka uwaite waje darasani." Alikunywa chai. "Wewe uite, mimi nifundishe. Bangili watapewa bure, kama zawadi ya kujiandikisha, na hakuna kusema sumaku. Jumamosi ijayo kuna maonyesho Lubbock. Utalala kwenye nyumba ya magurudumu, tutaivuta kwa pikapu. Ina mapazia."

Royce aliitazama barabara. Ilikuwa ndefu, nyeupe kwa jua, na haikuwa na gari hata moja. Kisha akamtazama yule bibi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake alipatwa na ile heshima ya kweli ambayo fundi humpa fundi aliyemzidi.

"Na kama nikikataa?"

"Utatembea. Maji yapo bombani, chukua uyatakayo."

Akacheka, bila kutaka. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, na kwa mazoea akashika mlango wa dereva. Kabla hajaufungua, kidole chembamba kilimgonga begani. Opal alikuwa amesimama nyuma yake, miwani machoni, zile funguo alizochukua Wendell zikining'inia mkononi.

"Upande wa pili, mwanangu," alisema. "Na ufunge mkanda. Mimi naendesha kwa kasi."

Royce akazunguka gari.