Mtandao, Dari na Mama Mkwe

Aibu ya leo nitazeeka nayo.

Asubuhi nimeitwa kuunganisha mtandao kwenye tawi jipya la kampuni ya mbolea, hapa Kakamega mjini. Kazi ndogo: kompyuta tatu, printa moja, ruta moja. Nikamwambia meneja, Bwana Shikuku, "Kufika saa sita mtakuwa mnafanya kazi." (Mdomo wangu huu.)

Waya ilibidi upite juu ya dari. Suruali niliyovaa ni ile nzuri, na huko juu ni vumbi na mavi ya popo, basi nikaivua nikabaki na bukta. Upande wa ruta nikachomeka, nikapanda ngazi, nikajipenyeza chini ya mabati nikiuvuta waya kuelekea meza ya meneja. Joto la huko sitaki hata kulisimulia.

Nikiwa katikati, nikasikia sauti ya mwanamke chini.

"Nimetoka Likuyani kujiandikisha mbolea. Mimi ni Mama Naliaka."

Nikaganda. Naliaka ni mchumba wangu! Jumamosi hii wazee wetu wanaenda kwao kuposa. Na kwetu Waluhya, mtu na mama mkwe wake hawakutani hivi hivi; ukimwona njiani unachepuka. Sasa mimi niko juu ya kichwa chake, na bukta. Nikaamua kutulia hadi aende.

"Mama, netiwaki bado," meneja akamwambia. "Fundi ndio anaiweka. Ukuje kesho."

"Mimi sirudingi nyumbani mikono mitupu. Nitangoja." Nikasikia kiti kikivutwa.

Hapo ndipo nilipouelewa mpango wangu vizuri. Yeye haondoki bila mtandao. Mtandao hauji mpaka nishuke. Na mimi sishuki mpaka aondoke. (Nimesomea hii kazi, jamani.)

Nikajilaza juu ya boriti kama mjusi, jasho likinitiririka mpaka masikioni. Meneja naye hakuweza kunyamaza.

"Wekesa! Umelala huko? Mama anangoja!" Halafu akamwambia mgeni kwa upole wote, "Ni kijana mzuri, mama. Anaitwa Wekesa, anakaa Shieywe."

"Wekesa wa mambo ya kompyuta?" mama akauliza.

"Huyo huyo. Unamjua?"

"Nimemsikia."

Kiti kikavutwa tena. Baadaye nimeambiwa alikigeuza akaangalia ukuta, kwa heshima yangu. Heshima yangu ilikuwa imebaki na dakika chache.

Nikaona heri nimalizie kazi huko huko juu. Nitoboe tundu, nishushe waya, meneja achomeke, mama aandikishwe, aende zake. Wazo safi kabisa. Nikatambaa. Goti likateleza kwenye boriti, na mguu wote ukapasua dari ukaning'inia juu ya meza ya meneja, mtupu mpaka pajani, waya umeuzunguka.

Aliyepiga kelele ni mimi peke yangu.

Meneja ni mtu wa kazi. Akaufungua ule waya kutoka mguuni mwangu, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Taa zikawaka. Mtandao umekubali mara ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nianze kazi hii, na mimi bado nahangaika kuurudisha mguu juu.

Mama Naliaka akaandikishwa, akijibu kila swali huku ameukazia macho ukuta. Jina, kijiji, ekari za mahindi. Alipomaliza, akaongea na meneja, kwa sababu na mimi hawezi kuongea.

"Mwambie huyo kijana kazi yake nimeiona. Hiyo ingine sikuona."

Akaenda. Nimebaki juu hadi nilipohakikisha ameshapanda gari.

Jioni hii baba amenipigia kuuliza kama safari ya Jumamosi bado iko. Nimemwambia iko. Sijamwambia kwamba mguu mmoja umeshatangulia.